Kidonge cha Mkono

Kwa miezi mitatu nilimdanganya baba yangu kila asubuhi, glasi ya maji mkono mmoja, kidonge mkono wa pili. "Dawa ya mkono hiyo, Baba." Alimeza, kisha akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, kama anayesubiri uamke papo hapo.

Kidonge chenyewe kilikuwa fluoksetini, miligramu 20, na fluoksetini ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Ndiyo ile ambayo dunia iliizoea kwa jina la Prozac tangu ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987. Baba hakuwahi kutibiwa sonona maishani mwake. Sidhani kama aliwahi hata kulitamka neno hilo.

Alikuwa mwalimu mstaafu, na hati yake ndiyo iliyokuwa fahari yake. Watu walimletea barua na kadi awaandikie kwa sababu ya uzuri wa herufi zake tu. Kiharusi kilipompata mwaka 2016, bonge la damu liliziba mshipa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa kuwa kila upande wa ubongo huendesha upande wa pili wa mwili, mkono wa kulia ndio uliolipa gharama. Ulimi ulirudi ndani ya juma la kwanza, mzito lakini unaeleweka. Mguu nao ukaanza kukubali kukanyaga. Mkono, kimya.

Siku ya nane daktari kijana, mwenye haraka kama walivyo wote wa wodi ile, alituandikia fluoksetini. Nilipouliza ni ya nini alisema, "Husaidia viungo kurudi," akaenda kitanda cha pili. Nililishika neno lile kwa nguvu za mfa maji.

Daktari hakusema uongo. Mwaka ule hilo ndilo lililokuwa likisemwa na wasomi wake. Uongo ulikuwa wangu, na ulizaliwa siku tuliyorudi nyumbani, pale baba mdogo alipoifungua karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya pakiti. Baba mdogo husoma kila kitu kwa sauti, hata risiti. Akasoma: dawa hii hutumika kutibu sonona. Baba akaisukuma pakiti kwa mkono wake wa kushoto ikaanguka chini.

"Mimi nina kiharusi," alisema. "Sina wazimu."

Nikaiokota. Nikasema hayo ni matumizi ya zamani, siku hizi wamegundua ni dawa ya mkono. Karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni. Baba mdogo alinitazama, akakohoa kidogo, akanyamaza. Tangu hapo kidonge kikapata jina lake pale nyumbani: kidonge cha mkono.

Usiku ule nilikaa na simu nikitafuta ushahidi wa kuuhalalisha uongo wangu, na nikaupata. Ulikuwa na jina zuri kabisa, FLAME, yaani mwali wa moto. Ni utafiti uliofanyika Ufaransa chini ya François Chollet wa Toulouse na kutangazwa mwaka 2011. Walichukua watu 118 waliopata kiharusi cha kuziba kwa mshipa, wote wakiwa na udhaifu mkubwa wa upande mmoja. Nusu walipewa fluoksetini miligramu 20 kila siku kuanzia siku ya tano hadi ya kumi baada ya kiharusi. Nusu walipewa kidonge kitupu kinachofanana nayo. Hakuna aliyejua amepewa kipi, si mgonjwa, si daktari. Wote walifanya mazoezi ya viungo kama kawaida.

Baada ya siku 90 walipimwa kwa kipimo kinachoitwa Fugl-Meyer, ambacho kwa mkono na mguu kina jumla ya alama 100. Ni kipimo cha kawaida kabisa ukikiona kikifanywa: inua bega, kunja kiwiko, gusa pua, fungua ngumi, na kila tendo linapewa sifuri, moja au mbili. Waliokunywa fluoksetini walipanda kwa wastani wa alama 34. Waliokunywa kidonge kitupu walipanda alama 24.

Mimi usiku ule niliiona 34 peke yake. Ilinichukua muda mrefu kuiona 24. Watu wale hawakunywa kitu chochote chenye nguvu, na bado walipanda alama 24 kwa miezi mitatu. Ubongo uliojeruhiwa hujitengeneza wenyewe, hasa katika wiki na miezi ya mwanzo, na kila anayeuza tiba ya kiharusi anasimama mbele ya mlango huo akidai sifa za kazi iliyofanyika ndani.

Lakini wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi, na sitaki mtu alicheke kwa kuwa tu mwisho wake tunaujua. Fluoksetini huzuia chembe za neva zisiirudishe ndani serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe, iliyokwisha kutolewa, hivyo serotonini hubaki kwa muda mrefu katika uwazi kati ya neva na neva. Hilo ndilo linalohusishwa na nafuu ya sonona. Ila tangu miaka ya 1990 kulikuwa na dalili kwamba kuna jambo jingine. Mwaka 2001 Wafaransa waliwapa wagonjwa wanane wa kiharusi dozi moja tu, wakawaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, na wakaona eneo linaloendesha misuli likichangamka zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Pisa, Italia, walitangaza jambo la ajabu zaidi kuhusu panya. Panya akifungwa jicho moja akiwa mchanga, jicho hilo hubaki goigoi hata likifunguliwa ukubwani, kwa sababu ubongo umekwisha kugawa kazi na kufunga daftari. Panya wazima waliowekewa fluoksetini katika maji ya kunywa walilifungua daftari upya, jicho goigoi likajifunza kuona.

Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga. Tumaini lote la kidonge lilikuwa hilo: kwamba dawa itauweka udongo katika hali ya umaji kwa muda mrefu kidogo, ili mfinyanzi apate nafasi.

Jambo moja katika habari ya panya watu hulipita haraka. Panya wale hawakupewa dawa wakaachwa walale. Watafiti walilifunga jicho zima, ili goigoi lilazimike kufanya kazi. Udongo laini bila mfinyanzi hubaki udongo.

Mfinyanzi wetu alikuwa mama mmoja wa fiziotherapia, mpole wa sura na mkatili wa mazoezi. Alikuja mara mbili kwa juma. Alimpa baba kikombe cha plastiki: kishike, kiinue, kipeleke kushoto, kiachie. Mwanzoni kazi yote ilifanywa na bega, vidole vikining'inia tu. Nilihesabu siku moja kwa udadisi, nikapata mara 28 kwa kikao kizima. Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 2009 kundi la watafiti lilikaa likahesabu marudio katika vikao vya kawaida vya wagonjwa wa kiharusi, likapata wastani wa mara 32 kwa mkono. Wanyama wa maabara, wale ambao tunasoma maajabu ya ubongo wao, hurudia mamia ya mara kwa kikao. Tulikuwa tunamfinyanga baba kwa kidole kimoja, kisha tunashangaa chungu hakisimami.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu na hatukuliona.

Majuma yale ya kwanza baba alikuwa analia, na kilio chake hakikuwa cha kawaida. Mgeni akisema tu "Shikamoo, mwalimu," machozi yanamwagika. Taarifa ya habari ikianza kwa ule muziki wake, analia. Ukimuuliza una nini, anatikisa kichwa, anasema sina kitu, na kweli hakuwa na kitu, maana dakika inayofuata anauliza nani kafunga bao. Siku moja alianza kucheka mazishini, cheko lisilozuilika, tukamtoa nje upesi. Alifedheheka kwa namna ambayo sikuwahi kumwona.

Hali ile ina maelezo yake katika tiba. Kiharusi kinaweza kukata breki zinazozuia kilio na kicheko, hivyo vikatoka vyenyewe bila huzuni wala furaha nyuma yake. Si sonona, ingawa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Na dawa za kundi la fluoksetini hutumika kuituliza. Hilo sikulijua. Nilichokiona ni kwamba kufikia juma la nne au la tano kilio kilikuwa kimepungua sana, wageni wakawa wanasalimiwa kwa macho makavu, na sisi tukasema, amezoea. Kidonge kilikuwa kinafanya kazi, ila kilifanya kazi ambayo hatukukituma, kwa hiyo hakuna aliyekihesabia.

Maana baba alikuwa anahesabu mkono. Nilimpa jina la dawa, naye kwa haki kabisa akaipima kwa jina lake. Mwezi wa kwanza, vidole vinakunja lakini havifunguki. Mwezi wa pili anashika kikombe lakini hawezi kukiachia bila kusaidiwa na mkono wa kushoto. Mwezi wa tatu aliomba kalamu. Nilimtafutia iliyo nene, akaandika jina lake. Sitaieleza hati ile. Aliitazama kwa muda, akaikunja karatasi, kesho yake asubuhi nilipoleta glasi akaufunga mdomo.

"Dawa ya mkono," alisema, "mkono haujaiona."

Nilimbembeleza siku mbili, ya tatu nikaacha. Ningesema nini? Hoja yake ilikuwa sahihi.

Kilichofuata ndicho kilichotupotosha zaidi. Hakikutokea chochote. Juma la kwanza bila dawa, mzima. La pili, mzima, hata mzaha ulikuwapo. "Unaona?" aliniambia. Nikaona. Sikujua kwamba fluoksetini ni mgeni asiyeondoka siku anayoaga. Yenyewe pamoja na kile ambacho ini linaigeuza kuwa, hutoka mwilini polepole sana, kwa majuma kadhaa. Dawa nyingine za kundi lake ukiziacha ghafla mwili hulalamika ndani ya siku chache: kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu, hasira. Hii huondoka kimyakimya, na kwa hiyo mtu akianza kuzama baadaye, hakuna anayekumbuka kuihusisha.

Alianza kuzama kama juma la sita. Kilio hakikurudi kama zamani, ingawa wote tulikuwa tunakitegea. Alinyamaza. Alikuwa anageuza uso ukutani saa nne asubuhi. Mama wa fiziotherapia alikuja akaambiwa, niache leo, kesho, kisha hata kesho haikutajwa. Chakula kidogo. Usingizi usiku hakuna, mchana tele. Mama yangu alisema ni uzee umemkuta kwa pamoja. Baba mdogo alisema ni mawazo, aombewe. Mimi niliamini amekata tamaa na mkono, na nani asingekata?

Siku moja aliniita akaniambia nimpelekee mjukuu fulani kalamu zake zote. Zilikuwa katika kasha, amezitunza miaka mingi. Nilizichukua, nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi na lile kasha, na pale ndipo nilipoogopa.

Tukampeleka kliniki nyingine, kwa daktari mwanamke wa makamo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za mkono. Hakuniangalia mimi. Alivuta kiti akakaa usawa wa macho ya baba, akamwamkia, akamuuliza maswali mawili: katika majuma haya, umekuwa ukijisikia mnyonge, moyo mzito, siku nyingi kuliko siku nzuri? Na yale mambo uliyokuwa ukiyapenda, bado yanakuvuta?

Baba alikaa kimya hadi nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mwanangu, sina hamu hata ya kuamka."

Miezi mitano. Wodi, kliniki, dawa, vipimo vya presha, sukari, mafuta ya damu, picha ya kichwa mara mbili. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemuuliza swali hilo, nikiwamo mimi niliyelala chumba cha pili. Na kidonge chake nilikuwa nacho mfukoni, nimekiita jina lingine.

Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona wakati fulani katika miaka inayofuata. Wengine hudhani ni huzuni ya haki tu, nani asiyehuzunika akipoteza mkono, kwa hiyo haihitaji tiba. Mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini jeraha lenyewe la ubongo linaweza kuchangia, na hata pale ambapo ni huzuni ya haki, mtu aliyegeukia ukuta hafanyi mazoezi, hali chakula vizuri, na dawa za presha anazisahau au anazikataa. Kwa mgonjwa aliyepoteza usemi ni vigumu zaidi, maana swali lenyewe hawezi kulijibu. Hapo wanaomhudumia ndio huulizwa: analala? anakula? anakwepa macho? Sisi baba alikuwa na usemi wake wote. Tulikosa kuuliza tu.

Daktari aliuliza kuhusu dawa alizowahi kutumia, na mimi nikajikuta nakiri mbele ya baba. Sikuwa nimepanga. Nilisema ile fluoksetini ilikuwa ya sonona kweli, karatasi aliyoisoma baba mdogo ilisema kweli, mimi ndiye niliyesema ya mkono. Baba hakunitazama. Alimuuliza daktari, "Kwa hiyo nilipokuwa naimeza, nilikuwa sina hali hii?" Daktari akasema inawezekana sana ilikuwa inaizuia. Baba akasema, "Basi ningeambiwa."

Njiani kurudi hakunisemesha. Kwa siku kama tatu aliniita kwa jina langu kamili.

Dawa alikubali kuanza tena, lakini si ile. Wakati huo alikuwa amehamishiwa klopidogreli ya kuzuia damu isigande, na fluoksetini hukizuia kimeng'enya cha ini ambacho klopidogreli hukihitaji ili ifanye kazi. Daktari akachagua sertralini, dawa ya kundi lilelile. Akaeleza, safari hii kwa baba mwenyewe na taratibu, kwamba dawa hizi zikikutana na za kuzuia kuganda kwa damu huongeza uwezekano wa kutokwa damu, hasa tumboni, hivyo choo kikiwa cheusi asisubiri kesho. Akaagiza damu ipimwe baada ya majuma mawili kuangalia sodiamu, kwa kuwa kwa wazee chumvi hiyo inaweza kushuka, na ikishuka mtu huanza kuchanganyikiwa na watu wa nyumbani wakadhani ni kiharusi kingine. Akasema wasitarajie lolote kabla ya majuma mawili, na wasihukumu kabla ya sita. Akasema pia, na hili alinitazama mimi, kwamba kidonge peke yake ni nusu ya kazi, baba anahitaji mtu wa kuzungumza naye asiyekuwa mwanawe.

Aliinuka polepole. Juma la tano au la sita alimuuliza mama wa fiziotherapia mbona haji.

Mwishoni mwa 2018 nilikutana na jina FOCUS. Nilisoma nimesimama, simu mkononi, nimesahau nilichokuwa naendea. Martin Dennis na Gillian Mead wa Edinburgh walikuwa wameurudia mwali wa Ufaransa kwa kipimo kingine kabisa: hospitali 103 za Uingereza, wagonjwa 3,127, fluoksetini ileile, dozi ileile, kwa miezi sita. Nusu dawa, nusu kidonge kitupu. Mwisho wa miezi sita, waliangalia nani anajitegemea na nani hajitegemei. Hakukuwa na tofauti. Hakuna kabisa.

Mwaka 2020 zikafuata tafiti ndugu mbili. AFFINITY ya Australia, New Zealand na Vietnam, wagonjwa 1,280. EFFECTS ya Uswidi, wagonjwa 1,500. Jibu lilikuwa lilelile. Karibu watu 6,000 kwa jumla, na kidonge hakikumfanya mtu ajitegemee zaidi ya asiyekinywa.

Kuna wanaouliza imekuwaje FLAME ione moto na wengine wasione hata moshi. Sehemu ya jibu ni hesabu: watu 118 ni wachache, na katika kundi dogo bahati ina sauti kubwa. Sehemu nyingine ni kipimo. Alama kumi za Fugl-Meyer zinaweza kuwa kiwiko kinachokunja vizuri zaidi, na kiwiko kinachokunja vizuri hakimaanishi mtu anaweza kuvaa shati peke yake. Mwaka 2012 tafiti 52 ndogondogo za dawa za kundi hili zilikusanywa pamoja, zaidi ya wagonjwa 4,000, na picha ikapendeza. Lakini nyingi zilikuwa dhaifu kwa namna zilivyofanywa. Zilipokuja zile kubwa na makini, picha ikafutika. Ndivyo tumaini linavyotusomesha: tunazijumlisha sauti nyingi dhaifu tukadhani ni sauti moja kubwa. Tiba ya kiharusi haikosi mifano mingine. Mwaka 2015 utafiti mwingine wa zaidi ya watu 2,100 uligundua kwamba kumtoa mgonjwa kitandani ndani ya saa 24 na kumzidishia mazoezi siku zile za mwanzo kabisa hakukumsaidia, bali kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Nani angedhani?

Ndani ya FOCUS kulikuwa na namba mbili nyingine, na hizo ndizo nilizomsomea baba. Katika waliokunywa fluoksetini, waliopata sonona mpya walikuwa kama 13 kati ya 100. Waliokunywa kidonge kitupu, 17. Uswidi nako tofauti ilielekea upande huohuo. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na mifupa: waliovunjika walikuwa karibu watatu kwa kila 100 waliokunywa dawa, na mmoja na nusu kwa wasiokunywa. Kuvunjika mifupa kuliongezeka katika tafiti zote tatu. Kwa mtu ambaye tayari anatembea kwa kuyumba, nyonga iliyovunjika si jambo dogo. Baba mwenyewe aliwahi kuteleza bafuni enzi za kidonge cha mkono, akasalimika na michubuko. Sina namna ya kusema ni kidonge, na sina namna ya kusema si kidonge.

Kwa hiyo watu wakiniuliza siku hizi, na wananiuliza kwa kuwa katika kila ukoo sasa kuna mgonjwa wa kiharusi, huwa siwaambii dawa imeshindwa. Nawaambia haifai kugawiwa kila aliyepata kiharusi kwa tumaini la mkono au mguu, na kwa hilo madaktari wengi sasa wamekubaliana. Kumpa kila mtu ili kuwakinga wanne kati ya mia na sonona, huku mmoja au wawili wakivunjika mifupa, mimi binafsi nisingefanya. Lakini aliyegeukia ukuta, au anayelia bila kujua kwa nini hadi anaogopa wageni, huyo apewe, aambiwe ni ya nini, na asiache siku anapojisikia nafuu bila kumuuliza aliyemwandikia. Na msimngoje ajieleze mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila wengine hawafichi, wanangoja waulizwe.

Mkono wa baba leo unashika kikombe na kukiachia. Unafunga vifungo viwili vya shati, cha tatu unakataa. Anaandika kwa kushoto, na ni hati ya mtu mwingine kabisa, imelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Anarudia zoezi la kikombe mara mia kwa siku, anaweka alama nyuma ya kalenda. Kasha la kalamu lilirudi kwake. Mjukuu alichukua moja tu.

Siku niliyomsomea zile namba alinisikiliza hadi mwisho, mguu mmoja juu ya kigoda.

"Watu elfu tatu," alisema.

"Elfu tatu mia moja na ishirini na saba."

"Na wote hao waliambiwa ni dawa ya mkono?"

Nilisema hapana, Baba. Wao walielezwa yote kabla, wenyewe au ndugu zao. Kwamba ni dawa ya sonona, inajaribiwa kama itasaidia viungo, na huenda ulichopewa ni kidonge kitupu. Kisha wakatia saini.

Alifikiri. Kicheko chake siku hizi huanzia upande wa kushoto, wa kulia unafuata umechelewa kidogo.

"Mngeniuliza, ningetia," alisema, akainua ule mkono wa kushoto. "Hata kwa huu."